Mlinzi Aliyezaliwa Kakuma

Ukitoka Kitengela kwa barabara iendayo Namanga, ukayaacha nyuma maduka na majumba ya ghorofa, utapita Kisaju kabla hujafika Isinya. Uwanda huo ni wa Wamasai wa Kaputiei, na wazee wetu wanakumbuka siku ambapo haukuwa na ua hata mmoja. Nyumbu na pundamilia walikwenda na kurudi walivyopenda kati ya mbuga ya Nairobi na malisho ya kusini. Leo nyua za seng'enge zimeukata uwanda vipande vipande. Hata hivyo bado utamwona mvulana ameegemea fimbo yake, na ng'ombe wamemtangulia. Mtazame vizuri mvulana huyo, msomaji. Utadhani kwamba anawaangalia ng'ombe, lakini sivyo. Ng'ombe anawajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa pembe, wala hana haja ya kuwahesabu kila dakika. Macho yake yako kwenye vichaka na makorongo, kule ambako simba anaweza kutokea. Kazi yake ni kulijua jambo kabla halijatukia.

Nakuomba uishike picha hiyo moyoni, kwa maana nataka kukusimulia habari za mtu ambaye kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, ingawa aliifanya mbele ya maelfu ya watazamaji katika nchi ya mbali. Jina lake ni Aliir Aliir. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1994 huko Kakuma, katika nchi yetu ya Kenya, naye akaja kuwa mmoja wa walinzi hodari katika mchezo wa mpira wa Kiaustralia.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, na sehemu ya kazi yangu ni kuwatembelea wanafunzi wetu wanapofanya mazoezi ya kufundisha mashuleni. Siku moja nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa la kidato cha tatu, nikimsikiliza mwalimu mwanagenzi akifundisha historia ya wakimbizi katika Afrika Mashariki. Alipolitaja jina la Aliir, mvulana mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, huyo ni Mkenya au si Mkenya?" Hapo darasa likagawanyika. Wengine wakasema, "Amezaliwa kwetu, basi ni wetu." Wengine wakajibu, "Wazazi wake ni watu wa Sudan, basi ni wa huko." Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni wa wale waliompa mpira." Kengele ikalia. Mwalimu mwanagenzi alinitazama akitaka msaada, nami sikuwa na jibu. Insha hii ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Kwanza yatupasa kujua jinsi mtoto wa watu wa Sudan Kusini alivyokuja kuzaliwa Turkana. Mwaka 1983 vita vilizuka tena katika nchi ya Sudan, kati ya serikali ya Khartoum na jeshi la ukombozi lililoongozwa na John Garang. Vita hivyo vilidumu zaidi ya miaka 20. Vijiji vilichomwa, mifugo ikatekwa, na watu wakatawanyika. Wavulana kwa maelfu, wengine hawajafika umri wa miaka kumi, walikimbia kwa miguu kuelekea mashariki mpaka wakaingia Ethiopia, wakapata hifadhi katika makambi. Lakini mwezi wa Mei 1991 serikali ya Mengistu Haile Mariam ilianguka, nao wakafukuzwa. Wengi walikufa wakiuvuka mto Gilo, wengine kwa risasi, wengine kwa maji, na wengine kwa mamba. Waliosalia walitangatanga kusini mwa Sudan, na mwaka 1992 wakaingia Kenya kwa njia ya Lokichoggio. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wengine waliowafuata, kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka huo huo.

Kama hujapata kufika Turkana, jaribu kulikumbuka jua la Kajiado katika mwezi wa Februari wakati mvua zimekataa kunyesha, kisha uzidishe ukali wake. Mito ya huko kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Wenyeji wenyewe, Waturkana, ni wafugaji wenye shida ya maji na malisho, na haikuwa jambo jepesi kwao kuwaona maelfu ya wageni wakigawiwa chakula wakati wao wana njaa. Magomvi ya kuni na maji yalitokea. Mkimbizi naye hakuwa na ruhusa ya kutoka kambini na kwenda apendako bila kibali. Alikuwa salama, na hilo si jambo dogo. Lakini alikuwa amefungwa ndani ya usalama wake. Katika kambi hiyo, ilipokuwa na umri wa miaka miwili tu, ndipo Aliir alipozaliwa.

Miaka ya kwanza ya maisha yake aliipitisha hapo. Baadaye, angali mtoto mdogo, familia yake ilipokewa na serikali ya Australia, ikahamia huko, ikakaa katika mji wa Brisbane, jimbo la Queensland. Wasudan wengi walipelekwa Australia katika miaka ile. Walitoka katika joto na vumbi, wakajikuta katika nchi ya watu waliosema lugha nyingine, kula vyakula vingine, na kucheza mchezo ambao hawakupata kuuona.

Na sasa sharti tuueleze mchezo huo, maana bila kuuelewa hutaelewa kazi ya mtu huyu. Mpira wa Kiaustralia si soka, wala si raga. Mwaka 1858 kijana mmoja wa Melbourne, jina lake Tom Wills, aliyekuwa mchezaji stadi wa kriketi, aliandika barua gazetini akawashauri wachezaji wa kriketi waunde klabu ya mpira, ili miili yao isilegee wakati wa baridi. Mwezi wa Mei 1859 yeye na wenzake wachache walikaa pamoja wakaandika kanuni. Angalia tarehe hiyo, msomaji. Chama cha soka cha Uingereza kiliandika kanuni zake mwaka 1863, yaani miaka minne baadaye. Kwa hiyo mchezo huu ambao sisi huuona kuwa wa ajabu ni mkubwa kwa umri kuliko soka la kanuni tunalocheza kila jioni.

Kwa kuwa ulianzishwa na watu wa kriketi, huchezwa katika kiwanja cha mviringo, kirefu kidogo mfano wa yai. Kila upande una watu 18 uwanjani. Mpira wenyewe una ncha mbili. Mchezaji aweza kuupiga kwa mguu, au kumpelekea mwenzake kwa kuupiga ngumi. Kuurusha kwa mkono ni kosa. Kila mwisho wa kiwanja husimama milingoti minne, miwili mirefu katikati na miwili mifupi kandokando. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya milingoti mirefu huleta pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya mrefu na mfupi, huleta pointi 1 tu. Mchezo hugawanywa katika sehemu nne.

Mambo mawili ya mchezo huu yanamhusu mlinzi hasa. La kwanza ni kudaka. Mtu akiudaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka umbali wa mita 15 au zaidi, kabla haujagusa chini, mwamuzi hupuliza filimbi, naye hupewa nafasi ya kuupiga bila kuguswa. Ndiyo maana wachezaji huruka juu sana, hata mwingine huweza kupanda mgongoni mwa mwenzake kuufuata mpira hewani. La pili ni kwamba hakuna sheria ya kuotea. Katika soka beki mwerevu aweza kusonga mbele hatua mbili, akamwacha mshambuliaji katika kosa, kisha akainua mkono kumwita mwamuzi. Katika mpira wa Kiaustralia hila hiyo haipo. Adui aweza kusimama mlangoni pako tangu mwanzo hata mwisho, wala hakuna mstari wa kukusaidia. Una macho yako, miguu yako na akili yako, basi.

Walinzi wengi humshika adui wao kama kupe. Popote aendapo wapo, na mpira ukija huupiga ngumi uende mbali. Hiyo ni kazi njema, na wengi wamejipatia heshima kwayo. Lakini wako walinzi wachache wa namna nyingine. Hao humwacha adui kidogo, wakasimama mahali ambapo mtu asiyejua angedhani kwamba wamezubaa. Humtazama yule aliye na mpira mbali kule, jinsi anavyoinamisha bega, jinsi anavyoweka mguu, nao hujua mpira utaanguka wapi. Mpira unapopaa wao wamekwisha kuanza kukimbia, na unapofika wao ndio wanaoudaka. Shambulio la adui linageuka kuwa mwanzo wa shambulio lao. Aliir Aliir alikuwa mlinzi wa namna hiyo. Mrefu, mwenye mikono mirefu na mruko mwepesi; lakini silaha yake kubwa ilikuwa kujua mapema. Sasa unaona kwa nini nilianza na mvulana wa Kisaju.

Usidhani kwamba alifika hapo kwa siku moja. Kutoka Brisbane alihamia upande wa magharibi wa Australia, akachezea klabu ya East Fremantle, karibu na mji wa Perth. Huko Australia kuna desturi kwamba kila mwaka klabu za ligi kuu huchagua vijana kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Mwishoni mwa mwaka 2013 majina 43 yalisomwa kabla ya jina lake. Lilipofika la 44, klabu ya Sydney Swans ikamchukua. Mwaka 2014 ukapita bila yeye kuchezea timu ya kwanza hata mara moja. Na mwaka 2015 ukapita vivyo hivyo. Aliendelea kucheza na timu ya akiba, akijifunza mchezo ambao wenzake waliufahamu tangu walipoanza kutembea. Fikiri juu ya miaka miwili hiyo, wewe uliyekata tamaa kwa sababu ya mtihani mmoja.

Na katika miaka hiyo aliona jambo jingine katika klabu yake. Nahodha wa zamani wa Sydney alikuwa Adam Goodes, mwenyeji wa asili wa Australia, yaani wa kabila la watu waliokuwamo katika nchi hiyo kabla ya Wazungu. Goodes alikuwa amepata mara mbili, mwaka 2003 na mwaka 2006, nishani kubwa ya mchezaji bora wa ligi, na mwaka 2014 alitangazwa kuwa Mwaustralia wa Mwaka. Lakini kwa kuwa alisema waziwazi dhidi ya matusi ya rangi, watazamaji wengi walianza kumzomea kila alipogusa mpira. Walimzomea wiki baada ya wiki, kiwanja baada ya kiwanja. Mwezi wa Septemba 2015 akaacha kucheza, naye hakutaka sherehe ya kuagwa mbele ya watu. Wakuu wa ligi walimwomba radhi mwaka 2019, miaka minne baada ya jambo kwisha. Kijana mkimbizi, ambaye hajacheza hata mechi moja ya ligi kuu, aliyaona hayo yakimpata mtu mkubwa kuliko wote katika nyumba yake.

Wala Goodes hakuwa peke yake. Aliyetangulia njia kwa vijana wa Sudan ni Majak Daw, aliyezaliwa Khartoum mwaka 1991 na kufika Australia mwaka 2003 baada ya familia yake kupitia Misri. Mwaka 2013, akivaa jezi ya North Melbourne, alikuwa mtu wa kwanza mzaliwa wa Sudan kucheza katika ligi hiyo kuu, na mpira wake wa kwanza kabisa aliopiga kwa mguu ulikwenda moja kwa moja kati ya milingoti mirefu. Yeye naye alitukanwa na watazamaji kwa ajili ya rangi yake. Alianza kama mshambuliaji, na mwaka 2018 akarudishwa nyuma kuwa mlinzi, akang'ara kuliko zamani. Mwishoni mwa mwaka huo huo akapata majeraha makubwa ya nyonga, hata ikadhaniwa kwamba hatacheza tena. Lakini mwaka 2020 alirudi uwanjani, na mwaka 2021 akastaafu. Baadaye alieleza waziwazi habari za huzuni nzito iliyokuwa imemwelemea, ili wengine wasione aibu kuomba msaada. Nimeyataja hayo ili ujue kwamba njia aliyopita Aliir ilikuwa imekwisha kukanyagwa na mtu mwingine, na kwamba aliyeikanyaga aliumia miguu.

Mwaka 2016 zamu ya Aliir ikafika. Aliingizwa katika timu ya kwanza ya Sydney, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa mmoja wa walinzi walioisaidia klabu kufika karibu kabisa na kombe. Lakini katika mchezo wa nusu fainali dhidi ya Geelong aliumia goti. Wenzake walishinda siku ile, wakaenda fainali bila yeye. Tarehe 1 Oktoba 2016, mbele ya watu karibu laki moja katika kiwanja kikuu cha Melbourne, Sydney ilishindwa na Western Bulldogs kwa pointi 89 kwa 67. Aliir alikuwa mtazamaji. Hakuna ajuaye kama kuwapo kwake kungebadili neno. Mwanafunzi wa historia hafai kukisia mambo ambayo hayakutukia. Ila twajua kwamba nafasi ya namna hiyo wachezaji wengi huipata mara moja tu, na wengi zaidi hawaipati kamwe.

Mwaka uliofuata alicheza mara chache. Aliinuka tena mwaka 2018, akashuka, akapanda. Mwishoni mwa mwaka 2020, baada ya michezo 64, Sydney ilikubali kumwachilia aende Port Adelaide, klabu ya kusini mwa Australia iliyoanzishwa mwaka 1870. Watu wengine walidhani kwamba jua lake limeanza kutua, na kumbe ndiyo kwanza linachomoza. Mwaka 2021, katika msimu wake wa kwanza huko, alidaka mipira ya adui hata timu nyingine zikaanza kutafuta namna ya kuupiga mpira mbali na mahali aliposimama. Mwisho wa msimu alichaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora 22 wa nchi nzima. Hakuna mtu wa asili ya Sudan aliyekuwa amepata heshima hiyo kabla yake. Hata hivyo kombe lilimkimbia tena: Port Adelaide ilishindwa nyumbani katika nusu fainali kwa pointi 71, na walioishinda walikuwa hao hao Western Bulldogs.

Nisingekuwa mwalimu mkweli kama ningeyasimulia mazuri peke yake. Mwezi wa Julai 2023, katika mchezo dhidi ya jirani zao wa mjini, Adelaide Crows, Aliir aligongana vichwa na mlinzi mwenzake. Baada ya kuangaliwa akarudishwa uwanjani bila kufanyiwa kipimo kamili cha mtikisiko wa ubongo, ambacho kanuni zilikitaka. Wakuu wa ligi waliitoza Port Adelaide faini ya dola 100,000 za Australia. Katika michezo ya kugongana, pigo la kichwa si jambo la kujisifia. Mfupa uliovunjika huunga, lakini ubongo ulioumia mara nyingi huweza kumdhuru mtu miaka mingi baada ya makofi kunyamaza. Ukicheza mpira shuleni, ukagongwa kichwa ukaona kizunguzungu, keti chini umwambie mwalimu. Hakuna ushujaa katika kuficha.

Sasa turudi katika swali la yule mvulana. Je, Aliir ni Mkenya?

Tukiiuliza sheria, jibu lake ni fupi. Katika Kenya kuzaliwa juu ya ardhi yetu peke yake hakumfanyi mtoto kuwa raia. Sharti baba yake au mama yake awe raia. Ndivyo Katiba ya mwaka 2010 isemavyo, na sheria ilikuwa hivyo pia Aliir alipozaliwa. Kwa sheria, basi, mtoto yule alizaliwa hapa akiwa mgeni, na kama familia yake isingeondoka angekua mgeni, pengine akawa baba wa watoto wageni. Nchi ya Sudan Kusini, ambayo wengine walitaka kumrudishia, haikuwapo bado. Ilipata uhuru wake tarehe 9 Julai 2011, wakati yeye alikuwa anakaribia miaka 17 na yuko Australia. Tafakari jambo hilo kidogo. Alizaliwa katika nchi isiyomhesabu kuwa wake, wazazi wake wakiwa wametoka katika nchi isiyokuwa na jina.

Lakini sheria hutungwa na watu, na watu huweza kubadili mawazo. Wamakonde waliletwa pwani yetu kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge zamani za Waingereza. Walizaa, wakazikana hapa, na kwa miaka mingi hawakuwa na kitambulisho. Mwaka 2016 walianza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kulipeleka shauri lao, na mwaka huo huo serikali ikawatambua. Bunge letu lilipitisha Sheria mpya ya Wakimbizi mwaka 2021, na mwezi wa Machi 2025 serikali ilizindua mpango uitwao Shirika, wenye nia ya kuyafanya makambi yawe miji ambamo wenyeji na wageni wataishi pamoja. Kama mpango huo utafaulu, ninyi mtakuwa mashahidi wake kuliko mimi.

Tena iko habari nyingine ya mwaka ule ule wa 2016, nayo ilitukia ndani ya kaunti yetu ya Kajiado. Huko Ngong, katika kambi ya mazoezi ya Tegla Loroupe, bingwa wetu wa mbio ndefu, vijana kutoka makambi ya wakimbizi walikuwa wakifundishwa kukimbia. Watano kati yao, wote watu wa Sudan Kusini, walichaguliwa kuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya michezo ya Olimpiki, iliyofanyika Rio de Janeiro. Timu nzima ilikuwa na watu kumi, na aliyeibeba bendera siku ya kufungua alikuwa msichana mmoja wa Kakuma, Rose Nathike Lokonyen. Hawakupata medali. Lakini walikimbia, na dunia ikawaona. Wao na Aliir walitoka katika kambi ile ile. Yeye alipewa mpira na nchi ya mbali. Wao walipewa viatu na mwalimu hapa hapa kwetu, mwendo mfupi kutoka Kisaju.

Msichana yule wa dirishani alisema kweli, nami nalikubali neno lake, ila nitaliongezea kidogo. Mtu ni wa wale waliompa nafasi. Waturkana walitoa ardhi ambayo wenyewe hawakuwa nayo ya ziada. Huo ni mchango, wala tusiudharau. Mama na ndugu zake walimlea. Huo ni mchango mkubwa kupita yote. Australia ilimpa shule, kiwanja na uraia, ingawa nchi hiyo hiyo ilikuwa na midomo ya kuzomea. Sisi wengine wa Kenya, tunaolisikia jina lake gazetini tukasema kwa furaha, "Mtu wetu!", tujiulize tulimpa nini. Ni rahisi kumdai mtu akiwa amekwisha kuwa bingwa. Alipokuwa mtoto ndani ya kambi, akihitaji cheti na ruhusa ya kutoka, ni wangapi waliosema, "Huyu ni wetu"?

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mvulana ni hili. Sheria husema kwamba si Mkenya. Historia husema kwamba sehemu ya maisha yake ni sehemu ya maisha yetu, na kitabu cha historia ya Kenya kisichoitaja Kakuma hakijakamilika. Lakini neno la tatu, lililo kubwa zaidi, halimhusu Aliir tena. Yeye amekwisha kupata pa kusimama. Linawahusu watoto waliozaliwa Kakuma na Dadaab baada yake, ambao baadhi yao wamekaa madawati mamoja na watoto wa Kenya na kufanya mitihani ile ile ya taifa uliyoifanya wewe. Linamhusu pia mwanafunzi mgeni aliyeingia darasani mwako muhula huu, ambaye Kiswahili chake bado kina makosa, na ambaye wakati wa kugawana timu za mpira huachwa asimame kando mpaka mwisho.

Sikuambii kwamba huyo atakuwa bingwa. Wengi wetu hatuwi mabingwa, na mtu hapaswi kwanza kuwa bingwa ndipo atendewe kama mtu. Nakuambia tu kwamba majina 43 yalisomwa kabla ya jina la Aliir, na kwamba walio wengi kambini hata orodha hawakuifikia.

Yule mwalimu mwanagenzi sasa ana shule yake mwenyewe. Aliniandikia kwamba amewafundisha wanafunzi wake mchezo wa Kiaustralia kwa mpira wa raga wa zamani na matawi manne yaliyochomekwa ardhini kila upande wa malisho. Wavulana wa Kimasai, asema, wamejifunza ulinzi upesi kuliko yeye alivyotazamia. Hawaukimbilii mpira ovyo. Husimama, hutazama mbali, na mpira ukija huwakuta wameshafika.